Hataza ya Dola Moja

Mthamini wa hataza ana maswali matatu. Uvumbuzi uligharimu ngapi? Zinazofanana nao zimeuzwa ngapi? Utaleta doo ngapi kabla ulinzi uishe, kwa kawaida miaka 20? Bila majibu, kampuni inauza ng'ombe kwa bei ya kuku. Hapo sibishani.

Lakini cheki insulini. Mwaka wa 1923, Banting, Best na Collip waliuzia Chuo Kikuu cha Toronto hataza yao, kila mmoja akachukua dola moja, ili mtu mwingine asije akaifungia dawa.

Shida iko kwa swali la tatu. Mgonjwa akikosa pa kukimbilia, hataza inapanda bei. Hofu yake inaandikwa kama mapato. Mvumbuzi ale, sawa. Ila ripoti hiyo pia ituambie ni nani atashindwa kulipa.