Kabla Hujatoa Pesa, Lala Chini ya Trela

Mpwa wangu, habari za trela yako zimenifikia. Mama yako alinipigia simu jana kwa furaha: umepata trela ya farasi wawili huko Gilgil kwa bei ya kutupa, na mwenyewe ana haraka ya kuuza kwa sababu anahama. Sikumjibu sana. Kila trela mbovu niliyopata kuiona ilikuwa ya mtu anayehama.

Sikukatazi kununua. Trela mpya wengi wetu hatuiwezi, na nyingi ya hizo zinazopeleka farasi Ngong siku za mbio, au kwenye polo hapo hapo Gilgil, zimeshapita mikononi mwa watu watatu wanne. Nyingine zilitoka Uingereza zikiwa tayari zimechoka. Ninachokuomba ni uinunue ukimfikiria atakayesafiri ndani yake. Yeye hataitwa kuikagua, na akishafungiwa mlango hana namna ya kukuambia usimame. Haya nimeyasema kwa vijana wengi mpaka mdomo umechoka, ila wewe ni wa dada yangu, basi nitayasema tena.

Siku ya kwenda, vaa ovaroli. Beba tochi, nyundo ndogo, bisibisi na kipande cha turubai cha kulalia. Ukifika, muuzaji atakuzungusha akuonyeshe rangi. Itakuwa mpya, huwa mpya siku zote. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na wauza trela wanaijua methali hiyo kuliko sisi wazee. Mshukuru, kisha ulale chini.

Anza na sakafu, na hapa nivumilie nikukawishe kidogo. Juu ya sakafu hutandikwa mkeka mzito wa mpira. Muuzaji atakuambia umeshagandamana, hautoki. Utolewe. Chini yake ndiko mkojo wa farasi hutuama, safari baada ya safari, na mbao huanza kuoza pale zinapolalia vyuma vya chasi, mahali ambapo mtu aliyesimama hapaoni kabisa. Gonga kila ubao kwa nyundo, mwisho hadi mwisho. Ubao mzima hutoa mlio mkavu. Uliooza hutoa sauti butu, kama mtu anayeitikia akiwa usingizini. Halafu chomeka bisibisi kwenye kingo. Ikizama kwa nguvu ya mkono tu, ubao huo umekwisha, hata ukiwa umepakwa rangi nzuri namna gani.

Wala usiniambie farasi wako ni mwepesi. Farasi wa mbio ana kilo 450 mpaka 550 hivi, na uzito wote huo unakaa juu ya kwato nne. Gari likikata kona huegemea upande mmoja, zikabaki mbili. Ubao ukivunjika, mguu unatokezea chini kwenye lami huku gari likikimbia, na dereva mbele anasikiliza redio. Ile methali ya asiyesikia la mkuu sitakutajia leo, kwani guu litakalovunjika si lako.

Sakafu ya alumini nayo isikulaze. Haiozi, lakini mkojo unaila. Tafuta unga mweupe, vishimo, na nyufa karibu na ribiti. Mbao angalau atakubadilishia fundi yeyote mwenye mkono mzuri, mradi chasi ni nzima. Kama ubovu ni wa mbao peke yake na bei imeteremshwa ipasavyo, mimi ningeichukua. Lakini chasi ikiwa imeliwa na kutu hadi ikatoboka, au ukiona viraka vimechomelewa juu ya viraka, aga uende zako. Usikae hata kunywa chai, maana chai ya muuzaji hulegeza msimamo.

Ukiinuka, rudi nyuma hatua kadhaa uitazame trela ikiwa mahali tambarare. Je, imelala upande mmoja? Trela nyingine hazina springi za bamba. Zina mpira uliofichwa ndani ya bomba la ekseli, na mpira huo ukizeeka hakuna wa kuutia nguvu tena. Ni ekseli nzima ya kubadilishwa.

Kwenye matairi atakuonyesha meno. Meno yatakuwa mazuri, kwa sababu trela hushinda imeegeshwa juani wiki nzima ikingoja Jumapili. Wewe soma ubavuni. Mwisho wa maandishi yanayoanza na herufi DOT utakuta tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zikiwa 2314, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014, na hakuna meno ya kukufanya ulipandishie farasi. Angalia nyufa ndogondogo, na la spea pia, ambalo aghalabu ndilo zee kuliko yote.

Sasa breki. Breki za trela ya namna hii haziji kutoka kwenye pedali yako. Ukifunga breki ya gari, trela inalisukuma gari kwa nyuma, ule mkono wa mbele unaingia ndani kidogo, na kuingia huko ndiko kunakovuta kebo za breki kwenye magurudumu. Mkono ukishikwa na kutu, huna breki. Usukume kwa nguvu: uingie taratibu na utoke taratibu. Ukiingia kwa kishindo, shokamzoba yake imekufa. Vuta handibreki, kisha wewe na mwenzako mjaribu kuisukuma trela. Na utafute ile kebo nyembamba inayofungwa kwenye gari, ambayo trela ikichomoka huivuta handibreki. Mara nyingi haipo, au mahali pake pana waya wa kuanikia nguo.

Nakusumbua kwa breki kwa sababu najua njia yako. Kwenda Ngong utapanda. Kurudi ndiko utashuka Mai Mahiu, malori mbele, matatu nyuma. Farasi wawili ni tani moja, trela yenyewe inakaribia tani nyingine, zote zinakusukuma mgongoni. Na tukiwa hapo, Probox ya baba yako haiwezi kazi hiyo, tusibishane. Soma kitabu cha gari uone linaruhusiwa kuvuta uzito gani.

Mlango wa nyuma, ule wa kupandia, ufungue na kuufunga peke yako. Ukikushinda, utamshinda na saisi wako usiku wa mvua. Mti wa kifua, ule unaomzuia farasi kwa mbele, nao lazima ufunguke hata farasi akiwa ameulalia kwa uzito wake wote.

Kwenye karatasi sitakawia. Nambari ya trela Kenya huanza na Z. Nambari iliyogongwa kwenye chasi ilingane na ya logbook. Ikiwa imekwanguliwa, usimuulize sababu, ondoka. Pesa zitoke siku umiliki unapohamishwa kwenye eCitizen. Mtu anayehama akikuambia logbook atakutumia, ujue imehama naye.

Kabla ya kutaja bei, kaa pembeni na kalamu: matairi manne na la spea, mbao, beringi, kebo, taa. Ujumlishe kwenye hiyo bei ya kutupa, kisha ndipo muongee.

Ukishaipeleka nyumbani, farasi asipande siku hiyo. Ivute tupu mpaka Naivasha na kurudi, ukisimama njiani uguse kila habu kwa kiganja. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, beringi au breki inagandia. Trela iende kwa fundi, farasi abaki bandani. Na siku utakayombeba mmoja peke yake, mweke kulia, upande wa dereva, kwa kuwa barabara zetu zimeinama kuelekea kushoto.

Jumamosi sina kazi, nipitie asubuhi. Magoti yangu hayataki tena kulala chini, kwa hiyo utalala wewe, nami nitamshika muuzaji kwa maongezi.