Usizime, Bwana

Hapa Mabamba mwenye duka humwambia fundi: "Usizime bwana, soda zitapata joto." Fundi anacheka, anashika bisibisi, nasi tunamsifu kwamba ni mwanaume kweli. Mimi nauliza: ujasiri huo ni wa nani? Umeme wa nyumbani ni volti 230. Miliampea 50 tu zikipita kifuani zaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Hata tesita isipowaka si ushahidi, huenda imekufa yenyewe. Kuzima swichi kuu, kuifunga, kisha kupima, ni dakika chache. Ati hasara! Utasema fundi kakubali mwenyewe. Haya. Lakini mtu ambaye nyumbani wanangoja unga ana uhuru gani wa kukataa? Akikataa, ataitwa mwingine, mdogo zaidi, mwenye njaa zaidi.