Mgeni Hana Kura

Naanza na kosa langu mwenyewe, maana ni aibu kumnyooshea mwanasiasa kidole kabla sijakitazama kidole chenyewe.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikaa mwaloni Kibirizi nikipakua dagaa. Alfajiri moja betri ya taa ikapotea kwenye mtumbwi wa mzee mmoja. Betri si kitu kidogo. Bila taa dagaa hawaji, na bila dagaa nyumba haili. Watu wakakusanyika, makelele, kila mtu anaapa. Mimi, bila kuulizwa, nikasema: "Mbona yule Mrundi simwoni?" Basi. Hakuna aliyetaka kujua kama nilimwona akichukua. Kijana huyo, tuliyekuwa tunakula naye sahani moja, aliporudi kutoka kuchota maji alikuta kesi imekwisha katwa. Alifukuzwa mchana uleule, na ujira wake wa wiki hakupewa.

Siku ya tatu betri ikaonekana kwa jamaa wa palepale, mtoto wa mjini. Mambo yakamalizwa kifamilia.

Swali linalonisumbua tangu siku ile ni hili: kwa nini neno langu lilitosha? Ushahidi sikutoa, nilitoa kabila tu. Nadhani kila mmoja pale alitaka jibu lisilomgharimu. Ukimtaja mtoto wa fulani umegombana na baba yake, na mjomba wake, na Ijumaa mtakutana msikitini. Kumtaja Mrundi ni bure. Hana mjomba hapa.

Wakubwa nao wana hesabu hiyohiyo. Mgeni hana kura, hana diwani wa kumpigia kelele. Hulaumiwa kwa sababu hawezi kujibu, hata kabla hatujajua alichofanya.

Sisi wa Kigoma tumeyaona. Kuanzia Septemba 1997 askari walipita vijijini wakikusanya Warundi walioishi nje ya kambi, wakawapeleka kambini. Wengine walikuwapo tangu mauaji ya 1972, wameoa na kuolewa, wana mashamba. Julai 2013 Rais Kikwete, akiwa Kagera, aliwapa wahamiaji wasio na vibali wiki mbili wawe wameondoka. Septemba ikaja Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma. Sababu kubwa iliyotajwa ilikuwa ujambazi.

Hapa sitaki kudanganya. Ujambazi ulikuwepo. Wakubwa zetu waliosafiri njia ya Kasulu na Kibondo kwa mabasi yaliyosindikizwa na askari wanajua, na bunduki nyingi zilivuka na vita. Walioporwa hawakuota ndoto. Lakini jambazi ni mtu mwenye jina na tendo lake, na huyo ndiye wa kutafutwa. Ukimkosa yeye ukamkamata bikizee mwenye shamba la mihogo kwa kuwa lafudhi ni ileile, umefanya nilichofanya mimi Kibirizi, ila wewe una lori na bunduki. Na lafudhi yenyewe, jamani! Kiha na Kirundi vinasikilizana. Mpaka unaotutenga waliukata Waingereza na Wabelgiji baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kabla ya hapo sote tulikuwa chini ya Mjerumani mmoja. Ndiyo maana Muha wa Kasulu naye huteremshwa kwenye basi akaulizwa babu yake alizaliwa wapi.

Jirani zetu wa Uganda walikwisha kuijaribu dawa hii. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90. Maduka yao yakagawiwa, wengi wakapiga makofi, kisha sukari ikawa bidhaa ya magendo.

Turudi ziwani. Mei 2015 maelfu ya Warundi waliokimbia nchi yao walikwama Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, na kipindupindu kikalipuka. MV Liemba ikawa inawasomba kuwaleta Kigoma mjini. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka maneno ya mtaani: "Wametuletea ugonjwa." Waliosema hivyo walikuwa na ndoo kichwani, wametoka kuteka maji ziwani kama kila siku. Kipindupindu tulikuwa nacho miaka mingi kabla ya hapo. Tunaishi kando ya ziwa lenye kina kuliko yote Afrika, na mama ananunua maji kwa dumu. Kwa nini? Swali hilo lina mtu wa kulijibu, tena ana ofisi na bajeti, lakini kumwendea kunachosha. Mrundi yuko karibu zaidi.

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa wavuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi zote nne zinazolizunguka. Kijiweni jibu lilikuwa tayari: Wakongo wamemaliza samaki kwa nyavu zao. Nyavu za macho madogo ziko kila upande. Nami nimezishika kwa mikono hii. Na tangu 2003 wanasayansi wamekuwa wakieleza kwamba ziwa linapata joto, maji ya juu hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, chakula cha samaki kinapungua. Joto hilo huwezi kulipakia kwenye lori ukalitupe ng'ambo ya Manyovu.

Wakati mwingine nacheka peke yangu nikipita Ujiji. Pale tuna ukumbusho wa wageni wawili, Livingstone na Stanley, waliokutana mwaka 1871 chini ya mwembe, na watalii hulipa kupaona. Wamanyema waliojaza mitaa ileile nao walivuka kutoka Kongo, wengine na pembe za ndovu mabegani, wengine katika minyororo. Bibi yangu mzaa mama ni wa uzao huo. Siku ile ya betri sikulikumbuka hilo.

Juzi nilimkuta yule mzee wa mtumbwi, nikamwamkia, nikamwuliza kama anajua yule kijana alielekea wapi. "Mwanangu," akasema, "hata jina lake sikulijua. Si tulikuwa tunamwita Mrundi?" Nilitaka kumwuliza pia habari za ule ujira wa wiki. Nikanyamaza, maana nilikumbuka kwamba jioni ile uligawanywa kwetu tuliobaki, nami nilipokea fungu langu.