Kadari na Haki ya Aliyeumia Kazini

Imekuwa ada katika miji yetu ya pwani, hamali akivunjika mguu bandarini Kilindini au mwashi akianguka jukwaani, wanaomzuru humwambia: "Ni kadari ya Mungu, subiri." Neno hili ni la kweli. Lakini wako wanaoliongeza, wakasema kwamba adaiye fidia kwa tajiri wake huwa ameipinga kadari. Hapo twaona hapana budi kusema.

Hapana ajali isiyokuwa kwa kadari. Aliyemuua mwenziwe kwa kukosea, pasi na kukusudia, jambo lake pia ni la kadari. Na pamoja na hayo Mwenyezi Mungu, katika Sura An-Nisaa aya ya 92, ameamrisha ahli za marehemu wapewe diya, ila wakisamehe wenyewe. Lau kadari ingalifuta haki, diya isingaliwekwa. Subira ni kazi ya moyo. Haimfungi mtu ulimi asidai kilicho chake.

Huenda mtu akasema: "Tajiri hakumsukuma." Naam, wala hatumwiti mkosa. Lakini mafakihi wana kanuni kwamba achukuaye faida ya jambo huchukua na hasara yake. Tena, aajiriye katika nchi hii ameingia katika mapatano yenye sharti zijulikanazo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 juu ya fidia za kuumia kazini yamlazimu mwajiri kuwawekea bima wafanyakazi wake, na kumpa habari Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika siku 7 tangu alipoarifiwa ajali. Na madai yana muda wake, nao ni miezi 12. Anyamazaye mwaka mzima akidhani yuasubiri, huenda akazinduka haki imempita.

Twajua kusamehe kuna fadhila kubwa. Lakini husamehe yule aijuaye haki yake akaiacha kwa hiari. Anayetiwa shilingi chache za pole mkononi, kisha akapigishwa dole gumba katika karatasi asiyoweza kuisoma, huyo hakusamehe, amedhulumiwa. Na mwenye watoto, ambaye mkono uliokuwa ukiwalisha sasa haunyanyuki, na ajiulize: je, hicho akisamehecho ni chake peke yake? Kuwalisha wanawe ni faradhi, na kumsamehe tajiri ni sunna. Haifai sunna kuivunja faradhi.

Mdai naye amche Mungu. Kuchechemea mbele ya daktari, na jioni kwenda msikitini kwa miguu iliyo sawasawa, ni kula mali ya watu kwa batili, hata kama mwenye mali ni kampuni ya bima.

Basi ndugu zetu, tumzurupo aliyeumia kazini, tumwombee shifaa na tumwusie subira. Kisha, kabla hatujaondoka, tumwulize: "Ajali yako imekwisha kuandikishwa?" Hilo nalo ni katika haki za mgonjwa juu yetu.

Wabillahi taufiki.