"Alijitakia": Je, Aliyeumizwa Akitafuta Urembo Hana Haki?



Likizo iliyopita, jirani yetu wa Masese, mama anayeuza mukene pale mwaloni, aliunguzwa tumboni katika saluni moja mjini Jinja. Aliambiwa kuwa mashine ile huyeyusha mafuta bila kisu wala maumivu. Alipotaka kudai gharama za matibabu, mtaa mzima ulisema, "Alijitakia." Nakiri kuwa nami nilisema hivyo, tena nikamkumbusha dhambi ya kubadilisha maumbile ya Allah. Niliporudi Mbale na kufungua vitabu vya fiqhi, niliona haya.

Ndugu zangu, tumechanganya maswali mawili. La kwanza: je, alifanya vyema kwenda kule? Jibu lake, liwe lolote, ni baina yake na Mola wake. La pili: je, aliyemuunguza ana dhamana? Hili ni baina ya waja, na kosa la kwanza halifuti deni la pili. Mtu akienda ngomani akaibiwa baiskeli, mwizi hawi mwenye mali.

Katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa anayejitia utabibu bila kujulikana kwa ujuzi huo atabeba dhamana. Ibn al-Qayyim (aliyefariki mwaka 751 Hijria) ameifafanua katika Zad al-Ma'ad. Tabibu stadi aliyepewa idhini na asikosee hadaiwi. Asiye na ujuzi, mgonjwa akamdhania tabibu, hulipa. Lakini mgonjwa akijua kuwa huyo si tabibu na bado akamruhusu, hana dai. Tazameni mizani ilipowekwa: si kwenye sababu iliyompeleka, bali kwenye alichokijua alipokubali.

Mahakama za leo nazo hubishania hapo hapo. Mwanamitindo Linda Evangelista wa Kanada alifanyiwa CoolSculpting, tiba ya kugandisha mafuta kwa baridi. Badala ya kupungua, mafuta yaliongezeka na kuwa magumu, madhara adimu ambayo madaktari wanayajua. Septemba 2021 aliishtaki kampuni ya Zeltiq huko New York akidai dola milioni 50, akisema hakuonywa. Julai 2022 alitangaza kuwa wamepatana. Idhini bila maelezo ni kama kutia saini karatasi gizani.

Jirani yetu alimkuta mtu mwenye koti jeupe, akaamini. Hakuna aliyemwambia kuwa anaweza kuungua. Basi kwa mizani ya Ibn al-Qayyim, anadai haki yake.

Wapo watakaosema, "Tukimtetea, tutachochea israfu." Nimelifikiria hilo. Lakini anayelipa fidia ni muuzaji wa huduma, na ndiye atakayeogopa kesho. Imam Abu Hanifa, ambaye hakupenda kumzuia mtu mzima na mali yake, alikubali tabibu mjinga azuiwe kufanya kazi, kwa kuwalinda watu. Kumkemea aliyeungua hakumlindi mteja anayefuata.

Wengine walimwambia, "Samehe, mama, mambo ya tumbo lako ni aibu." Kusamehe ni jambo tukufu, lakini ni haki ya aliyeumizwa. Sisi ambao hatukuungua hatuna cha kusamehe. Tukimsukuma asamehe kwa kumwaibisha, tumemdhulumu mara ya pili.

Kwa hiyo, mwenzangu, ukisikia kisa kama hiki nyumbani, uliza kwanza: aliambiwa nini kabla? Mshauri atunze risiti na karatasi za hospitali, msindikize kwa mwenyekiti wa LC1, na umtafute anayesoma sheria mapema, kwani madai ya majeraha yana muda wa ukomo. Nasaha kuhusu urembo inaweza kusubiri kidonda kipone. Mimi nitaanza kwa kumwomba radhi mama yule.

Wallahu a'lam.