Je, Ukame ni Adhabu ya Waliofikwa Nao?

Misimu mitano ya mvua ilipokatika mfululizo, tangu 2020 hata 2022, na mifugo ya Wajir na Garissa ikafa kwa maelfu, tulisikia katika baraza zetu ikisemwa: "Ni madhambi yao."

Twauliza: ukame ulipoifika Madina mwaka wa 18 Hijria, mji wa Masahaba, ulikuwa ni wa madhambi ya nani? Sayyidna Umar hakuwalaumu wenye njaa. Aliacha kula samli, akaomba mvua, na akaagiza chakula kutoka Sham.

Ama ukame wetu, wataalamu wameona ulizidishwa na joto litokalo katika moshi wa viwanda. Na mfugaji hana kiwanda. Basi amhukumuye mwenye njaa amejitafutia udhuru wa kutotoa. Ukame ni mtihani, na wanaotahiniwa ni sisi tulioshiba.