Tatizo ni la Nani?

Mwaka 1969, Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada kilianza kuwafundisha madaktari kwa kuwapa tatizo kwanza, mhadhara baadaye. Nami nafundisha hivyo, na walimu wenzangu nawafunza hivyo: mwanafunzi akutane na swali kabla ya jibu. Naiamini njia hii kwa moyo wote.

Lakini kijijini Madimba, huku gesi ya Mnazi Bay inakosafishwa tangu 2015, palinitia mashakani. Niliwapeleka wanafunzi kwenye kisima cha maji ya chumvi. Wakapima, wakabishana, wakachora ramani mchangani. Bibi mmoja akaja na ndoo, tukamwamkia. Akaitikia, kisha akauliza: "Wajukuu zangu, mkishapata maksi, mimi nitapata maji?"

Kimya. Ni mimi niliyewakataza kukimbilia majibu.

Je, ni haki kiu ya mtu kuwa kitabu chetu bila ridhaa yake? Nasema si haki, hata kama wanafunzi wanaelimika kweli. Aliyeazima jembe hulirudisha. Sisi tulikuwa tunarudisha ripoti, tena kwa mkuu wa idara.

Muhula huu bibi anaketi nasi kikundini. Swali la kwanza alilitunga yeye. La pili, tulilolitunga sisi, amelikataa.